Mnaoanza kazi ya fMRI: bibi wa Wete alivyonifunza

Nyie mnaomaliza masomo na kuingia chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, nikwambieni moja ambalo mie lilinitesa. fMRI, yaani MRI ya kuangalia ubongo ukiwa kazini, haipigi picha ya mawazo, inaangalia damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi inaletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayoitumia, na damu yenye oksijeni na isiyokuwa nayo hazifanani mbele ya sumaku, basi mashine inashika tofauti hiyo, mtafiti Seiji Ogawa na wenzake ndo waliionesha mwaka 1990. Tofauti yenyewe ndogo, asilimia chache tu, na inachelewa kama sekunde 5, ndo maana tunamwambia mgonjwa fanya kitu sekunde 30, pumzika sekunde 30, tena na tena, halafu kompyuta inalinganisha.

Sasa hapo kwenye pumzika! Nilikuwa India kwa mafunzo, akaletwa bibi mmoja wa Wete, Pemba, ana uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, dakhtari anataka kujua lugha imekaa wapi kabla hajapasua. Kazi aliyopewa ni kutaja kimoyomoyo maneno yanayoanza na herufi fulani. Bibi skuli hakwenda, kasoma chuo cha Kurani tu, hizo A B C hazijui, na hata angezijua, kwa Kiswahili ukimwambia mtu "M" si atakutajia watu na miti mpaka kesho. Nikaomba tubadilishe, bibi nitajie samaki. Changu, tasi, kibua, jodari, hapo hashikiki. Lakini picha ikatoka tupu. Nikamfata, bibi ulivoambiwa pumzika ulikuwa ukifanya nini? "Nnavuta uradi mwanangu, mashine yenu inagonga vile ntanyamaza vipi?" Uradi nao ni maneno ya kimoyomoyo, yaani kompyuta ilikuwa inalinganisha maneno kwa maneno, tofauti itabaki ipi? Tukarudia, mara hii kwenye pumzika tukamwambia asikilize mashine inavyogonga tu, na rangi ikatoka, mbele kushoto, karibu na uvimbe.

Karibu, nimesema. Na hapa msijitie ujuzi: sehemu isiyowaka si kwamba haina kazi. Mishipa ya damu iliyo jirani na uvimbe mara nyengine haiitiki vizuri, ubongo unafanya kazi na picha haioneshi. Ndo maana wapasuaji wengi bado wanamuamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kupima kwa umeme. Wala mtu asikuletee mwanawe mwenye huzuni umpige fMRI useme ana nini, haijafika huko.

PET, picha inayopigwa kwa kumdunga mtu dawa yenye mionzi, ni habari nyengine, inasaidia kifafa na usahaulifu wa uzeeni, ila ile dawa ya florini-18 nusu yake inapotea kwa dakika 110, ukiileta kwa boti ya Dar, mpaka ifunge Malindi ya Unguja imebaki nusu.

Na vyuma, maana MRI ni sumaku, ulizeni wenyewe kabla mtu hajaingia. Pini za mtandio kila mtu anazikumbuka. Hirizi ulizeni faragha, maana mtu hasemi mbele ya mkwewe kama kiunoni kavaa hirizi ya bati.