Waliobaki kota: bi mkubwa wangu, tanuri la pipa na vita vya Kagera

Mleta mada umeuliza swali ambalo sijawahi kuona mtu akiliuliza: wanaume walipokuwa Uganda wanapigana, wake zao waliobaki kota za jeshi waliishije? Mchangiaji wa pili akakujibu, "Walikuwa wanasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, basi." Nilitaka nipite kimya. Ila bi mkubwa wangu alifariki mwaka jana, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na tangu tumzike kwao Mikindani sijamsimulia kwa mtu. Basi acha nimsimulie hapa. Ni ndefu, mwenye haraka aendelee na safari yake.

Mimi ni wa 1969, nimekulia Nachingwea, mzee akiwa sajini. Kwa wasiopajua, Nachingwea ni mji uliozaliwa na karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na mradi wao mkubwa, wakafyeka misitu, wakatandika reli kutoka pwani, karanga zikawagomea, mwaka 1951 wakafunga virago. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Frelimo wakaweka kambi yao pale wakati wanapigania Msumbiji. Kwa hiyo sisi watoto wa kota tulizoea kuona watu wenye bunduki kama watoto wa Mikindani walivyozoea kuona ngalawa.

Bi mkubwa ndiye alikuwa mtoto wa ngalawa. Mama yake, yaani bibi yetu, alikuwa mpika vitumbua mashuhuri mtaani kwake, na vitumbua vyake havikujua hamira, viliumuliwa kwa tembo la mnazi. Bibi alikuwa mtu wa swala tano, haikosi hata moja. Ukimuuliza imekuwaje tembo likaingia jikoni kwake, anakujibu bila kukuangalia: "Moto ushalisilimisha." Bi mkubwa alitoka na ujuzi huo, akaolewa na askari, akapelekwa bara asikojua mtu, kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Tanuri lake alijengewa na mzee. Pipa la dizeli likalazwa ubavu juu ya matofali, likazungushiwa udongo wa kichuguu uliokandwa na makapi ya mpunga, na ndani zikapitishwa fito za chuma, mabaki ya reli ile ile ya karanga, za kuwekea sinia. Nadhani ndiyo faida pekee familia yetu iliyopata kutoka kwa mradi wa Mwingereza. Kipimajoto hakikuwapo. Bi mkubwa aliingiza mkono mdomoni mwa tanuri akahesabu. Akiutoa kwenye saba, moto uko sawa. Akifika kumi bila kuungua, anaongeza kuni. Akiutoa kwenye nne anatukana, maana itabidi asubiri na unga umeshaumuka.

Kuni zilikuwa magogo ya mkorosho. Magogo nasema, siyo maganda. Siku moja jirani alikuwa amebangua korosho, nikaona lundo la maganda, nikajifanya mjanja nikayasukumia motoni. Yanawaka kweli, yana mafuta. Lakini mafuta yale ndiyo yanayobabua mikono ya wabanguaji, na moshi wake ni mchungu, unawasha macho na koo. Sinia nne za skonzi ziliharibika, hata kuku walizisusia. Nilichapwa siku hiyo, na sioni aibu kusema kwamba mama yangu alikuwa mkali. Kwenye msiba watu walisema sana "alikuwa mpole." Nani? Labda walikosea msiba.

Sasa vita. Majeshi ya Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 2 Mwalimu akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kota nzima ilikuwa imezunguka redio. Wanaume walishangilia. Bi mkubwa alitazama gunia la unga, akauliza duka la kikosi litafungua saa ngapi kesho. Wakati ule nilimwona hana uzalendo. Nilikuwa na miaka tisa.

Mzee aliondoka kabla mwezi haujaisha, usiku, kwa lori. Bi mkubwa alimfungashia skonzi alizozikausha tanurini mara ya pili, mpaka zikawa kama vigae, kwa sababu mkate mkavu hauoti ukungu. Mzee alisimulia baadaye kwamba ya mwisho aliiloweka kwenye chai akiwa ng'ambo ya mto Kagera. Ukweli wake mimi siujui, wanajeshi wana chumvi zao.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia, mkuu. Mshahara wa sajini haukuwatosha watoto watano hata yeye mwenyewe akiwepo. Bi mkubwa aliamka saa tisa usiku akawasha tanuri. Unga alikuwa ameukanda jioni: unga, tui la nazi badala ya maji, sukari, chumvi kidogo, iliki aliyoitwanga mwenyewe. Kila siku alibakiza donge dogo la jana akalichanganya na la leo ili hamira iende mbali. Saa kumi na mbili tunatoka na mabeseni kichwani, kaka hospitali ya wilaya, mimi sokoni, dada shuleni. Skonzi mbili thumuni. Wanawake wa kota walikopa, na mikopo yao ilikuwa mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko, kila nyumba na safu yake. Kusoma alijua kidogo, ila mlango ule aliusoma kuliko mwanasheria.

Jioni ni redio. Ngoma ya taarifa ya habari ya RTD ikilia, kota yote inanyamaza, hata mbwa. Redio inataja miji. Jina la mume wako haiwezi kulitaja, na hilo ndilo unalolitaka na ndilo usilolitaka.

Majina yaliletwa na Landrova. Kila mtoto wa kota wa umri wangu atakuambia hili. Landrova ya kawaida hupita kwa kasi na vumbi. Ile nyingine huja polepole, ina afisa mbele, na sheikh au padri nyuma. Wanawake waliitambua kwa mlio kabla haijakunja kona. Niliiona mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Machi 1979, alasiri, bi mkubwa yuko na mikono ndani ya unga. Gari ikapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukanda, nikaona tu mishipa ya mikono yake. Gari ikasogea, ikasimama nyumba ya tatu.

Alinawa mikono akaenda, na hakurudi hadi usiku wa manane. Unga ule uliumuka peke yake, ukafurika beseni, ukamwagika mezani, halafu ukabwata na kuchacha. Sisi hatukujua tufanye nini, tukaufunika kanga. Aliporudi aliunusa, akautia chumvi, akauoka vilevile, kwa sababu waombolezaji walikuwa wanakuja na unga mwingine hamna. Ulikuwa mkate mchachu kama ndimu. Watu waliula kwa chai ya rangi wala hakuna aliyesema neno, isipokuwa mfiwa mwenyewe, ambaye sisi tulimwita mama mdogo. Alitafuna kipande, akamwambia bi mkubwa, "Dada, hiki kimechacha." Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu alasiri. Safu yake ya mistari nyuma ya mlango ilifutwa kesho yake kwa kitambaa cha maji.

Watu husema vita viliisha. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, kota ikalipuka kwa vigelegele, na watoto wa shule tukaandamana na matawi. Bi mkubwa alikuwa anachekecha unga. "Kampala siyo Nachingwea," alisema. Na alikuwa sahihi, maana wanajeshi wetu wengine walibaki Uganda mpaka 1981. Mzee alirudi katikati ya 1980. Ule mwaka wa baada ya ushindi ndio uliomzeesha, maana huwezi hata kulalamika, wenzako wanakuambia vita vimekwisha, bibi, una nini?

Na aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Nitasema moja tu. Usiku wa kwanza bi mkubwa aliamka saa tisa kama kawaida, sinia ikamponyoka ikagonga pipa, na tukamkuta mzee yuko chini ya kitanda, amekumbatia mguu wa kitanda. Hakuna aliyelizungumzia. Wiki iliyofuata sinia zote zilikuwa zimezungushiwa vitambaa vya khanga pembeni, na tanuri likaanza kuwashwa alfajiri, mzee akishaamka mwenyewe. Skonzi zikachelewa sokoni, wateja wengine wakahamia kwa mwingine. Bi mkubwa hakuwahi kueleza wateja sababu.

Miaka ya uhaba wenye umri wangu mnaijua: foleni, sukari ya kibali, sabuni ya kuhesabu. Masika ikinyesha barabara ya Dar imekatika, mnategemea meli ya Mtwara. Hamira ilipotoweka, bi mkubwa alirudi kwa tembo la mnazi, analetewa na dereva kutoka Lindi kwenye dumu ambalo halifungwi kifuniko, likifungwa linapasuka. Ngano ilipopungua alichanganya unga wa muhogo. Kikombe kimoja cha muhogo kwa vinne vya ngano, mkate unasimama. Ukizidisha hapo unapata kigae, kwa kuwa muhogo hauna ule mvuto unaoshika hewa. Hili aligundua kwa hasara yake mwenyewe.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Bi mkubwa alikuwa na gunia moja na nusu la ngano chini ya kitanda, kalinunua kihalali kidogo kidogo, risiti hana. Habari zikafika jioni kwamba wanapekua nyumba. Wengine mjini walitupa mali zao porini. Yeye alituamsha wote, akamwamsha na mzee, sajini mzima akafungwa khanga kiunoni, tukakanda usiku kucha. "Unga ni ushahidi," alituambia, "mkate ni chakula." Kulipokucha tuligawa mikate bure kota nzima, shule, hospitali, hata kwa wanamgambo waliokuwa zamu ya upekuzi. Mzee alicheka siku ile. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

Mama mdogo wa nyumba ya tatu alihama kota, akapanga mjini na wanawe wawili. Mumewe amelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Angalia ramani uone Nachingwea na Muleba zinavyopeana visogo. Kwa miaka saba hakuwahi kuliona kaburi. Mwaka 1986 bi mkubwa alichukua fedha alizokuwa anaweka za bati, akamwambia, "Tunakwenda." Basi mpaka Mtwara, meli mpaka Dar, treni ya reli ya kati mpaka Mwanza, meli ya usiku mpaka Bukoba, halafu gari tena. Walikuwa njiani karibu wiki mbili kwenda na kurudi, wakila skonzi zilizokaushwa mara mbili. Sisi nyumba ilivuja masika mbili zaidi. Nilimuuliza Kaboya kukoje, akasema makaburi yamepangwa mstari kama kwata, na kwamba mama mdogo hakulia, alipangusa vumbi kwa khanga yake akaketi. Basi, habari za Kaboya ziliishia hapo.

Mzee alikwenda tena, Msumbiji, 1987. Akarudi salama, akastaafu, wakahamia Mtwara mjini, Magomeni. Alitangulia yeye. Bi mkubwa alioka mpaka magoti yalipomgomea. Dada alimnunulia oveni ya gesi, akaifanya kabati la sinia.

Arobaini yake tuliisomea Mikindani. Watu wameshakula, turubai linafunguliwa, bajaji ikasimama barabarani. Akashuka mama mdogo, amezeeka, kashikwa mkono na mjukuu. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Nachingwea. Nikampa shikamoo, nikataka kumpokea ndoo aliyobeba, akaning'ang'ania nayo mpaka alipokaa mkekani. Ndani zilikuwa skonzi, zimefunikwa khanga.

"Hizi hazijachacha," alisema.