Jibu: Bata mzinga wa wiki 9 wanakufa, kuku wazima (Nachingwea)

Dada, umeuliza kwa nini bata mzinga wako wanakufa, wawe na kinyesi cha njano kama salfa inayopuliziwa mikorosho, mabawa yameshuka, na kuku unaowafuga nao hawana neno: hapo mimi nashuku histomonasi (ugonjwa wa kimelea kinachoshambulia utumbo na ini) kabla ya mdondo (kideri). Pasua mzoga mmoja. Ini likiwa na madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati, na vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vimejaa uchafu mgumu wa njano, ndiyo yenyewe.

Kimelea hicho husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya kuku. Kuku mara nyingi hubeba bila kuugua, bata mzinga wengi hufa. Mayai hayo hudumu udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo kufagia banda hakutoshi. Hamishia waliobaki mahali ambapo kuku hawajawahi kukanyaga, tena leo. Wadogo walale juu ya chanja yenye wavu, nusu mita kutoka chini, kinyesi kidondoke. Wagonjwa watenge, umwite mtaalamu wa mifugo. Dawa ya minyoo husaidia kupunguza maambukizi mapya, haiponyi aliyekwisha kuugua.

Chakula cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi vifaranga wa bata mzinga: wanahitaji protini karibu asilimia 28 wiki za mwanzo. Dagaa wa kusaga husaidia, ila wale wa chumvi hapana, chumvi nyingi huwaua.

Kuhusu swali lako la mikia ya madume: manyoya yake yanavunjika kwa kusugua ukuta. Sogeza kitulio (mti wanaolalia) angalau sentimita 60 kutoka ukutani. Na majike 5 kwa dume mmoja yanatosha kabisa.