Minyoo wa mboji wanatoroka kwenye ndoo, nifanyeje?

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Naishi Tegeta, Dar es Salaam. Nilinunua nusu kilo ya minyoo wekundu wa mboji nikawaweka kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, nyuma ya jiko la nje. Kila siku nawapa maganda, ugali uliobaki na machicha ya nazi. Sasa ndoo inanuka uchachu, minyoo wanapanda hadi kwenye mfuniko, wengine nawakuta wamekufa. Chini yametuama maji meusi. Naweza kuyamwagilia mchicha?

Jibu: Marahaba, dada. Minyoo wanaopanda hadi kwenye mfuniko wanakimbia kitu, na kwa maelezo yako wanakimbia joto na uchachu.

Mkosaji mkubwa ni machicha. Hubaki na mafuta, chembe zake ni ndogo, zinashikamana na kuziba hewa. Yakirundikana huanza kuchacha na kupata moto. Ingiza kidole katikati ya rundo utausikia. Ugali nao huchacha vivyo hivyo. Hivyo viwili wape kuku, usiviweke tena kwenye ndoo.

Halafu kuna mahali penyewe. Minyoo hawa (Eisenia fetida) hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi, na joto la ndani likifika 35 hufa. Dar mwezi wa Januari na Februari mchana hewa tu inapita 30, sembuse nyuma ya jiko! Hamishia ndoo kwenye kivuli cha siku nzima, chini ya mti au barazani, uizungushie gunia bichi. Wapo pia minyoo wenye asili ya Afrika Magharibi, Eudrilus eugeniae, wanaovumilia joto zaidi. Ukiwapata kwa mfugaji unayemwamini, kwa pwani nawapendelea hao.

Leo hii mwaga kila kitu kwenye turubai kivulini. Tupa mabonge yaliyochacha, okoa minyoo walio hai. Toboa matundu chini na ubavuni mwa ndoo, iinue juu ya matofali, kisha tandika upya: maboksi yaliyochanwachanwa, majani makavu ya mgomba, na samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu. Uliza kwanza kama ng'ombe huyo alipewa dawa ya minyoo karibuni, maana dawa kama ivermektini hutoka na kinyesi na inaweza kuwadhuru minyoo wako. Ukitumia makumbi ya nazi, yasuuze mara kadhaa. Huku pwani mengi yamelowekwa baharini, na chumvi ni sumu kwa mnyoo.

Kuhusu unyevu: shika konzi moja ya matandiko, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Mnyoo hana mapafu, anapumulia ngozi, kwa hiyo pakikauka anakufa na maji yakituama anakosa hewa.

Waache siku chache bila chakula. Matandiko yenyewe wanakula. Baada ya hapo zika konzi moja ya maganda ya ndizi, papai, majani ya mchicha au makapi ya chai, na usiongeze mpaka cha kwanza kiishe. Minyoo nusu kilo, wakishazoea, hula kama robo kilo kwa siku, na wako wamepungua. Ninaloliona mara nyingi ni minyoo kuuawa na shibe, si njaa. Ndimu, malimao, pilipili, dagaa na chochote chenye mafuta au chumvi viache kabisa. Maganda ya mayai yaliyopondwa yanasaidia kupunguza uchachu.

Maji meusi usiyamwagilie mchicha. Ni majimaji ya uozo uliokosa hewa, yanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi, na mchicha tunakula majani. Changanya kopo moja na makopo kumi ya maji, umwage shinani mwa mgomba au kwenye maua.

Mbolea utaijua ikiwa nyeusi, laini, isiyonuka, na huoni tena ganda wala boksi. Ianike kivuli chepesi mchana, kwa vilima vidogo. Minyoo wanaogopa mwanga, watazama chini nawe utakwangua juu kidogo kidogo. Kwa miche changanya kopo moja na makopo manne ya udongo. Kwa nyanya na bilinganya, konzi moja ndani ya kila shimo wakati wa kupanda.