Ngumi isiyofunguka: kiharusi kwa mtoto mchanga

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miezi saba hushika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameukunja ngumi muda wote. Siku ya pili baada ya kuzaliwa alitikisika upande mmoja. Picha ya ubongo imeonyesha kuwa alipata kiharusi wakati wa kuzaliwa. Je, ni presha niliyokuwa nayo ya ujauzito? Mama mkwe anasema ni jini.

Jibu: Marahaba, mama. Presha hiyo inaweza kuchangia, ingawa ni nadra kupata sababu moja inayoeleza yote. Karibu na uzazi, damu ya mama na ya mtoto huganda kwa urahisi zaidi; bonge dogo linaweza kutoka kwenye kondo la nyuma, likapita katika tundu la moyo ambalo kila mtoto huwa nalo tumboni, likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Maambukizi ya kondo, kasoro za moyo, homa ya uti wa mgongo na kuishiwa maji mwilini huongeza hatari. Seli mundu nayo huleta kiharusi, lakini hasa baada ya mtoto kutimiza miaka miwili. Hukukosea lolote.

Kinachoniumiza ni jinsi mkono kama huo unavyopuuzwa. Kila mara naletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye nyumbani walisema tu ni wa mashoto, ilhali mtoto wa kawaida hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Miezi iliyopotea ndiyo ile ambayo ubongo wake ulikuwa mwepesi zaidi kujifunza upya, kwa hiyo mpeleke binti yako kwa mtaalamu wa fiziotherapia wiki hii.

Wanaochanja chale na kufukiza kinyesi cha tembo mtoto anapopata degedege siwezi kuwavumilia, kwa sababu moshi hauyeyushi bonge la damu, na vidonda vya wembe huingiza vijidudu katika mwili ambao bado haujakomaa. Kichanga akianza kutikisika, mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani, mkimbize hospitali, na umweleze muuguzi ni upande upi ulioanza na ulitikisika kwa dakika ngapi.