Jibini limekushinda? Hivi ndivyo lilivyonitoka mimi

Mkuu, umesema nyama uliiacha bila kugeuka nyuma, mayai na maziwa vilevile, ila jibini linakurudisha kila mara, na kuna mtu kakuambia usijisumbue kwa sababu ni sawa na dawa za kulevya. Miaka kadhaa sasa sili kitu chochote cha mnyama, na jibini ndilo lililokuwa la mwisho kunitoka, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Tuanze na huo ulevi. Jibini limejaa protini iitwayo kaseini, na ikimeng'enywa hutoa vipande vidogo, kasomofini, ambavyo kwenye maabara huweza kushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya. Hadi hapo ni kweli. Kutoka hapo hadi kusema ubongo wako umetekwa, hapana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa utafiti kuhusu vyakula ambavyo watu hushindwa kujizuia navyo, pizza ikaongoza, na kwa kuwa pizza ina jibini watu wakaandika kwamba jibini ni dawa ya kulevya. Ukiangalia vilivyoifuata ni chokoleti, krispi za viazi, biskuti na aiskrimu. Walichofanya ni kuuliza watu maswali. Kasomofini haikupimwa popote. Kwa hiyo usijiite teja.

Unachokitamani ni chumvi, mafuta, na ile ladha nzito inayokaa ulimini, umami. Jibini likikomaa kwa miezi, protini zake huvunjika na kuacha glutamati huru, kemikali inayoleta ladha hiyo, na hapo ndipo utamu wa jibini kuukuu unapotoka. Glutamati si mali ya ng'ombe. Mjapani Kikunae Ikeda, aliyeitambua ladha hiyo mwaka 1908, aliipata kwenye mchuzi wa mwani. Imo kwenye nyanya zilizoiva, uyoga mkavu, miso (rojo ya Kijapani ya soya iliyochachushwa) na sosi ya soya.

Hilo ndilo lililonifungua. Nikaacha kuuliza "nile nini badala ya jibini" nikaanza kuuliza jibini linafanya kazi gani kwenye sahani hii. Juu ya pasta kazi yake ni chumvi na umami tu. Kaanga chenga za mkate mkavu kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu mpaka ziwe kahawia, epua, changanya na chumvi na ile chachu ya lishe ya manjano inayouzwa ikiwa imeshauliwa kwa joto, nyunyiza. Mimi silikumbuki jibini kabisa nikila hiyo. Ndani ya sandwichi kazi yake ni mafuta na ulaini, na parachichi lenye chumvi na ndimu linaimudu vizuri.

Kasheshe iko kwenye pizza, kwa sababu pale tunataka livutike. Kaseini imeshikamanishwa na kalsiamu, joto likiingia mshikamano hulegea na zinatoka zile nyuzi. Protini za mimea kwa kawaida haziwezi mchezo huo, ila wanga wa muhogo unakaribia. Loweka korosho mpaka zilainike, saga na maji, limau, chumvi, kijiko cha miso na vijiko viwili vya wanga, kisha weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuacha. Mwanzoni ni uji. Halafu yanatokea mabonge mabonge na utadhani umeharibu, usiepue. Endelea kukoroga, na ghafla yote yanashikana, yanang'aa, mwiko unakuwa mzito na ukiunyanyua linavutika. Mwaga juu ya pizza likiwa bado la moto. Si jibini la ng'ombe, tusidanganyane, lakini ni chakula kitamu.

Yale ya dukani ya mimea ningekushauri uyaache kwa miezi miwili mitatu ya kwanza. Mengi ni mafuta ya nazi na wanga, protini karibu hakuna, na mafuta yake mazito hayana tofauti kubwa na ya jibini lenyewe. Ubaya zaidi ni kwamba ulimi bado unakumbuka, utalinganisha, utachukia, na kesho yake utanunua cheddar. Ulimi hubadilika: watu waliopunguza chumvi kwa muda kama huo huishia kuona chakula chao cha zamani kina chumvi kupita kiasi. Baada ya hapo yajaribu, mengine si mabaya.

Kama unaacha kwa ajili ya wanyama, kilichonimalizia hamu mimi ni renneti. Ni kimeng'enya cha kugandishia maziwa ambacho kwa asili hutoka tumboni mwa ndama aliyechinjwa. Siku hizi jibini nyingi hutumia cha vijidudu, lakini Parmigiano Reggiano, jibini gumu la Kiitaliano, kwa kanuni zake lazima kiwe cha ndama. Nilikuwa nalinyunyizia kwenye mboga nikijiona sili nyama!

Kwenye afya, kalsiamu isikupite. Gramu 30 za cheddar zina kama miligramu 200, na mtu mzima anahitaji karibu 1,000 kwa siku. Usitegemee mchicha wa spinachi, kalsiamu yake imefungwa na oksalati na mwili hupata kidogo sana. Tafuta tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa bonge, iliyotengenezwa kwa chumvi ya kalsiamu, au maziwa ya soya yaliyoongezewa, na uyatikise kabla ya kumimina kwa sababu kalsiamu hutuama chini. Vitamini B12 ni lazima, kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Hapo sibishani na mtu.

Lebo nazo zisome. "Bila laktosi" maana yake ni bila sukari ya maziwa tu, bado ni maziwa ya ng'ombe, na ukiona kaseini, kaseineti au whey (maji yanayobaki maziwa yakigandishwa), rudisha kwenye rafu.

Ungekuwa unaanza leo ningekuambia utoe kwanza jibini la pasta na la sandwichi, maana hayo hutayasikia. Pizza iache iwe ya mwisho, na ukishaona huwazi tena jibini katikati ya wiki, ndipo uloweke korosho.