Kuiona galaksi hafifu katikati ya umati: jibu kwa msomaji wa Coma

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekata tamaa. Anaelekeza darubini yake kwenye kundi la galaksi la Coma, katika kundinyota la Nywele za Berenike, anaziona zile kubwa mbili za katikati, NGC 4874 na NGC 4889 (hizo ni namba zao katika orodha ya NGC ya vitu vya angani), basi. NGC 4872, galaksi hafifu jirani yao, haioni. Anauliza kama auze darubini atafute kubwa zaidi. Usiuze, ndugu yangu. Kioo cha sentimita 40 ulicho nacho kinatosha kabisa; mimi natumia cha ukubwa huohuo.

Nakuelewa, maana galaksi hiyohiyo ilinitesa misimu kadhaa. Coma ina galaksi zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru milioni 320 hivi. Ndilo kundi ambalo mwanaastronomia Fritz Zwicky alilichunguza mwaka 1933, akakuta galaksi zake zinakwenda mbio kupita kiasi ambacho maada inayoonekana ingeweza kuzizuia zisitawanyike. Ukitazama hapo, kila upande kuna kitu cha ukungu kinachojitokeza na kupotea. NGC 4872 imejibana kusini mwa NGC 4874, chini ya dakika moja ya tao (sehemu moja ya 60 ya digrii), ndani ya mng'ao wa jirani yake. Kaskazini nako kuna nyota ya mag 7 (kipimo cha mng'ao; namba ikiwa ndogo mwanga ni mkali zaidi) inayoharibu giza lote la jicho.

Kilichonifungulia mlango ni ukuzaji. Kwa mara 100 NGC 4872 na NGC 4874 zilikuwa doa moja. Nilipopanda hadi karibu mara 300, anga lenyewe likawa jeusi zaidi, nikaisogeza ile nyota hadi ikatoka nje ya duara la kutazamia, nikajifunika kitambaa cheusi kichwani. NGC 4874 ikatanuka, ikalegea pembezoni. Kisha, nilipokuwa natazama kando kidogo, kikaja kidoa kidogo cha mviringo, kiini chake kimekolea kuliko nilivyotarajia. Kikapotea. Kikarudi palepale.

Hapo "palepale" ndipo penye kila kitu. Jicho lililochoka linazua madoa, lakini madoa ya kuzuliwa huhamahama. Galaksi haihami. Kwa hiyo tazama pembeni, kwa sababu katikati kabisa ya retina, utando wa nyuma ya jicho, hakuna seli zile zinazohisi mwanga hafifu. Gonga bomba la darubini taratibu, kwa kuwa jicho hunasa upesi kinachotikisika. Pumua kawaida, usibane pumzi. Na giza, jamani! Nusu saa nzima bila simu. Tazama pembeni, narudia, na uwe mvumilivu.

Sasa nikuambie linaloniuma bado. Niliposimulia mbele ya watazamaji wenzangu, mzee mmoja ninayemheshimu alisema, watu wakisikia, "Umeiona kwa sababu umeisoma." Sikumjibu. Lakini tangu siku ile siendi na picha ya eneo ninalolitafuta. Naenda na ramani ya nyota ya kunifikisha tu, nachora kila kidoa kilichorudi mahali pake mara kadhaa, naweka alama ya magharibi kule galaksi zinakopotelea nje ya duara darubini ikiachwa imetulia, na ya kaskazini kule nyota mpya zinakoingilia nikilisukuma bomba kuelekea Nyota ya Kaskazini. Picha naifungua asubuhi. Mchoro wangu wa Coma una NGC 4872 mahali pake, na NGC 4871 upande wa magharibi, ambayo hata sikuwa naiwazia. Mchoro huo ninao, na najivunia.

Ndiyo maana nawasihi nyote mnaonisoma: acheni kukimbilia vioo vikubwa kabla hamjachora. Anayekaa saa nzima kwenye galaksi mbili ataona mengi kuliko anayepita juu ya ishirini. Chora, hata kama mkono wako si wa msanii. Kalamu hulilazimisha jicho liseme lilichoona na mahali lilipokiona.

Kwa wewe uliyeniandikia: Machi hadi Mei Coma iko juu sana usiku, chagua usiku usio na mwezi. Ukishaipata NGC 4872, hamia NGC 4889, umbali wa dakika saba hivi za tao upande wa mashariki, utafute NGC 4886 iliyo kaskazini-magharibi yake, takriban dakika moja. Niandikie uliiona kwa ukuzaji gani, na utume mchoro.