Simulesheni ilikuwa safi, mbona kikata kimegonga klampu?

Swali: Shikamoo fundi. Natoboa na kuchonga bamba la aluminiamu kwenye mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya mihimili mitatu. Kwenye kompyuta simulesheni ilipita bila kasoro. Mashineni, kikata kilipotoka shimo moja kwenda jingine kiligonga klampu. Mashine ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Mashine yako huenda ni nzima kabisa. Simulesheni inaona ulichoichorea tu, na mafundi wengi huchora bamba na kikata, basi. Klampu, jiliwa na kishikio cha kikata havimo, kwa hiyo kompyuta haina cha kugonga.

Sasa tazama G0, ile amri ya kuhamisha kikata haraka bila kukata. Kwenye skrini huchorwa kama mstari mnyoofu. Lakini kontrola nyingi, yaani ubongo wa mashine, huupeleka kila mhimili kwa kasi yake ya juu, na wenye safari fupi hufika mapema. Tuseme unatoka X0 Y0 kwenda X200 Y50, na X na Y zina kasi sawa. Mashine itakwenda mshazari hadi X50 Y50, kisha itanyoosha kwa X peke yake hadi 200. Klampu iliyo X100 Y50 itagongwa, ilhali kwenye skrini mstari ulipita Y25 pale, mbali nayo milimita 25. Baadhi ya kontrola zina mpangilio wa kufanya G0 iende mnyoofu. Tafuta kwenye kitabu cha mashine. Hata ukiupata, dawa ya uhakika ni kimo cha kuhamia: klampu ikiwa juu ya bamba kwa milimita 25, kuhama kwa Z5 (milimita 5 juu ya bamba) ni hatari, weka Z40.

Jambo la pili, na hili nalisisitiza kwa kila fundi: simulesheni ya programu ya usanifu kwa kawaida hukagua njia ya kikata kabla haijageuzwa kuwa G-kodi, yaani amri ambazo mashine husoma. Makosa ya ugeuzaji hutayaona hapo. Kagua faili lenyewe linalokwenda mashineni. CAMotics ni ya bure na inasoma G-kodi ya mihimili mitatu. Angalia hasa mstari wa G28, amri ya kurudisha mashine nyumbani kwake. Ukiandika G90 G28 Z0 (G90 hupima kutoka sifuri ya kazi), kikata kitashuka kwanza hadi sifuri hiyo, ndipo kitapanda juu. Andika G91 G28 Z0 (G91 hupima kutoka pale kikata kilipo), kisha urudishe G90.

Urefu halisi wa kikata na sifuri ya kazi inayohifadhiwa kwenye G54 unavipima wewe kwa mkono, kompyuta haivijui. Ukiita T3 (kikata namba 3) halafu ukaandika G43 H2 (tumia urefu uliohifadhiwa namba 2), skrini inaweza kukuonyesha kazi nzuri tu huku mashine ikitumia urefu wa kikata kingine.

Kwa hiyo kabla ya kipande cha kwanza, ongeza milimita 100 kwenye Z ya G54, ukihakikisha Z ina nafasi hiyo juu, punguza kasi ya G0 hadi kiwango cha chini kabisa, uendeshe mstari mmoja mmoja hewani huku ukitazama kikata kinapita wapi juu ya klampu. Ukiridhika, rudisha ile Z kwenye thamani yake, na mshuko wa kwanza uufanye kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha.